E3 ipi mnaipa maksi za juu? Mimi nasema Sony 2013

PediMbili_Mtwara:
Wakuu habari za muda huu. Nina banda la gemu hapa Chikongola na wiki hii ubishi hauishi, vijana wamegundua video za zamani za E3 huko yutyubu basi kutwa wanabishana kampuni gani iliwahi kufanya onesho kali kuliko zote. Kwa wasioijua, E3 yalikuwa maonesho ya gemu ya kila mwaka kule Marekani, mara nyingi Los Angeles, yalianza 1995 na Desemba 2023 wakatangaza ndio basi tena.

Maksi zangu: Sony 2013 kumi juu ya kumi, Sony 2015 nane, Nintendo 2004 nane pia kwa sababu ya Miyamoto, mtunzi wa gemu wa Nintendo, kutokea na upanga na ngao baada ya trela ya gemu ya Zelda, na Microsoft 2013 naipa mbili, na hizo mbili za huruma.

Hiyo kumi ndio inaleta ugomvi ngoja niieleze. Mwaka ule Microsoft walikuja na mashine yao mpya ya gemu, Xbox One, dola 499, na mashine yenyewe ilitakiwa iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24 la sivyo gemu huchezi, na sidi ya mtumba nayo wameiwekea masharti kibao. Jioni yao Sony wakapanda jukwaani, kwetu huku ishakuwa saa kumi alfajiri, wakasema mashine yao PS4 dola 399, sidi yako uza, azimisha, gawa, shauri yako. Ukumbi ulilipuka. Wakatoa na kivideo cha kufundisha namna ya kumwazimisha mwenzio gemu: jamaa anamkabidhi mwenzake kasha, mwenzake anasema asante, kwisha habari 😂 Microsoft mwezi huohuo wakafuta yale masharti.

Mtu wa Masaki anaweza kuona hilo dogo. Mimi sidi zangu karibu zote mtumba, zinakuja na basi toka Dar, zingine zimechubuka mpaka dogo wa bandani anaipaka dawa ya meno anasugua taratibu na kitambaa toka katikati kwenda nje ndio isome. Na mnaikumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika Somanga, hatujakaa vizuri mkongo wa baharini nao ukakatika intaneti ikawa ya kuvizia. Mashine ya kuomba ruhusa kila siku ningeifanyia nini?

Haya nipeni zenu, na sababu, sio mtu anaandika namba anakimbia.

KoroshoGhafi:
2013 sina neno mkuu ila Sony 2015 nane?? Nane ya nini? Usiku ule walitoa ahadi tu. The Last Guardian tulikuwa tunaisubiri tangu 2009 ikaja Desemba 2016, Final Fantasy VII Remake ikaja 2020 tena sehemu ya kwanza tu, na Shenmue III ndio kabisa, mtu kapanda jukwaani kwenye onesho la kampuni tajiri anawaomba mashabiki wachange hela gemu itengenezwe, ikatoka Novemba 2019. Watu walilia ukumbini kwa furaha, sikatai, ila mimi maksi natoa kitu kikifika mkononi. Nne.

Na kampuni ya Bethesda 2018 walionesha gemu ya Elder Scrolls VI, milima na muziki basi, mpaka leo tunaangalia milima. Hii tabia ya kumlipisha mtu gemu ambayo haijatoka ni kangomba tu, ile ya kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, mkorosho bado uko kwenye maua hela ishatembea.

Bi_Mikindani:
Kaka kwenye kangomba anayelia ni mkulima, mwenye hela anacheka. Kwenye gemu mwenye hela ndio analia, kwahiyo hiyo kangomba yako umeisimamisha kichwa chini miguu juu.

Mimi naona mnachanganya mambo mawili. Onesho lipeni maksi ya onesho, gemu tutaipa maksi yake ikitoka. Yangu ni Sony 2016 na sibadilishi. Ilikuwa Ramadhani, tumeamka daku, nina bakuli la uji mkono mmoja na simu mkono mwingine, mara okestra nzima ipo jukwaani inapiga, pazia likafunguka anatokea Kratos wa gemu ya God of War, mzee mwenye ndevu na mtoto wake kwenye theluji. Hakuna bosi wa kutusomea takwimu za mauzo, trela inafuata trela. Uji ulipoa. Na KoroshoGhafi, God of War ilitoka 2018 na ilikuwa vilevile walivyotuonesha, kwahiyo hata kwa mizani yako inapita. Tisa na nusu.

Cyberpunk ndio mngeisema, 2019 mwigizaji Keanu Reeves katokea kwenye onesho la Xbox watu wamepagawa, Desemba 2020 gemu ikatoka mbovu kwenye PS4 mpaka Sony wakaitoa dukani kwao. Lakini ule usiku wa Keanu wenyewe naupa nane.

Ngadu_wa_Lindi:
Mnazungumzia nzuri tu, mbaya je? Sony 2006 hiyo, PS3 dola 599, halafu jamaa anatueleza gemu yao imetokana na vita vya kweli vya Japani ya kale, dakika haijaisha katokea kaa mkubwa kama basi 😂😂 Sisi wa pwani tunaowajua kaa tulicheka mpaka basi. Moja juu ya kumi, ila kwa kicheko kumi.

Halafu mleta mada hiyo 2013 yako usiisifie sana, usikuuleule wa kushangilia ndio walipitisha kimyakimya kwamba PS4 kucheza onlaini na wenzio mpaka ulipie PS Plus, uanachama wao wa kulipia. PS3 ilikuwa bure. Kumi haipo hapo, tisa.

PediMbili_Mtwara:
@Ngadu hiyo kweli, ila kwangu benchi moja, tv moja, pedi mbili, onlaini ya nini? Kumi inabaki. 2015 naishusha mpaka sita, nne ya KoroshoGhafi ni roho mbaya.

KoroshoGhafi:
Ongeza na Ubisoft 2012, ile Watch Dogs ya jukwaani na iliyotoka 2014 ni watu wawili tofauti. Mbili. Na hapo nimekula nimeshiba ndio maana.