Kura za vijijini Mtwara: watu wanafuata chama, mtu au bei ya korosho?

Mgeni wa Kusini:
Habari za humu wakuu. Kwetu Kahama, nimehamishiwa Mtwara kikazi. Nikiangalia matokeo ya huku nachanganyikiwa. 2015 Tandahimba walimpa ubunge Katani Katani wa CUF. 2020 wakamrudisha huyohuyo, safari hii kwa CCM. Na mwaka huohuo upinzani Tanzania Bara uliambulia majimbo mawili tu, moja likiwa Mtwara Vijijini, Shamsia Mtamba wa CUF. Wapiga kura wa kote huko ni wakulima wa korosho! Wenyeji nifafanulieni.

Karani wa Mizani:
Karibu mwanangu. Mimi nimepima korosho za watu kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, tangu wanangu wadogo, nitakwambia ninachokiona mezani kwangu.

Angalia kalenda kwanza. Uchaguzi 2015 ulikuwa Oktoba 25, 2020 Oktoba 28. Wakati huo korosho ziko ghalani na minada ndiyo inafunguliwa. Mtu anaingia kituoni na risiti mfukoni, hela hajaiona. Itikadi utamwuliza siku nyingine.

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa risiti zikauzwe mnadani, ilipoanza 2007 wengi waliipokea kwa kununa: unapima leo, unapewa sehemu ya hela, malipo ya pili utayasikia. 2013 malipo yakayumba, Liwale nyumba za viongozi zikachomwa moto, na Mtwara mjini kukawa na zile vurugu za bomba la gesi. Miaka miwili baadaye CUF ikazoa majimbo Kilwa hadi Tandahimba. Nani ashangae? Msimu wa 2017 bei mnadani ikavuka 4,000 kwa kilo, pikipiki mpya kila uchochoro, CCM ikapumua. 2018 wanunuzi wakaja na bei za kutupa, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300, malori ya jeshi yakaingia. Bei ilikuwa nzuri, sipingi. Kazi ikawa uhakiki, kuthibitisha kwamba korosho ni za shamba lako kweli kabla hujalipwa.

Kuna mzee alikuja na risiti iliyolainika kama kitambaa kwa kukunjwa. Anaulizwa ana mikorosho mingapi, isije kuwa ni kangomba, yaani kazinunua kwa magendo toka kwa wakulima. Mzee mwenye kadi ya CCM ya tangu 1977! 2020 karatasi ya diwani akaipa CCM, ya mbunge akaipeleka kwingine. Alinisimulia mwenyewe huku anakunywa chai, wala hakuona ajabu. Diwani ni mjomba wake, utamnyimaje?

Mtoto wa Newala:
Mama umesema kweli ila usiifanye bei kuwa kila kitu. 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla hata ya kampeni, na vyama vyao viliyakataa matokeo. Mgeni asiseme "wananchi wamebadilika" kwa kusoma jedwali.

Karani wa Mizani:
Hilo naliafiki. Na 2019 kwenye serikali za mitaa vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kabisa, kwa hiyo wenyeviti wengi wa vijiji hawakupigiwa kura na mtu. Lakini Katani alipohama, waliomfuata niliwasikia: "Sisi tulimchagua Katani." Bendera wanamwachia yeye.

Mgeni wa Kusini:
Asante mama. Sasa nikitaka kujua kijiji kinaelekea wapi, nianzie wapi bila kuonekana mpelelezi?

Karani wa Mizani:
Nenda jioni wanapokunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kaa, agiza chako. Chama usikitaje. Uliza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilifika lini. Mikorosho ikianza kutoa maua, Juni, Julai, lazima ipuliziwe, la sivyo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unakausha maua. Salfa ikifika Agosti utamsikia kila mmoja anamtaja diwani, hata kama siye aliyeagiza.