Je, niache kuomba mpaka imani irudi?

Mama wa Watatu:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mume wangu ni mgonjwa wa figo, na huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aanze kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Maji anayoruhusiwa kunywa nayapima kwa kikombe kidogo cha kahawa, na kikiisha cha mwisho kabla ya magharibi hugeukia ukutani ili nisimwone anavyolamba midomo. Usiku ninapopiga magoti kusali Sala ya Bwana, ulimi hunikwama nifikapo "Mapenzi yako yatimizwe", kwa maana naogopa mapenzi hayo yasije yakawa kifo chake, na siku nyingine sina hakika kama yupo anayenisikia. Nilipolisema hilo katika jumuiya yetu, mzee mmoja alinisomea Yakobo 1:6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, akaniambia kuwa shaka yangu ndiyo inayomzuia mume wangu kupona. Tangu siku hiyo naomba kwa woga, kana kwamba sala yangu yaweza kumdhuru. Je, ninyamaze kwanza?

Mwinjilisti Mstaafu:
Pole sana, dada yangu. Usinyamaze. Aliyekusomea mstari wa sita angeanzia wa tano, ambapo Yakobo anamsema mtu anayeomba hekima, kisha afike wa nane, ambapo mwenye shaka anaitwa "mtu wa nia mbili". Mtu anayepiga magoti usiku baada ya usiku kwa ajili ya mumewe, mimi siioni hiyo nia ya pili anayo wapi.

Soma Marko 9 taratibu. Baba wa yule kijana mwenye pepo anamwambia Yesu "ukiweza", kisha analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hamrudishi nyumbani akaikamilishe imani yake kwanza; anamponya mtoto papo hapo. Nilihubiri sura hiyo kwa miaka mingi nikiwakemea watu kwa mashaka yao, hadi nilipomzika binti yangu, na baada ya mazishi ombi la baba huyo ndilo pekee nililoweza kulitamka.

Msomaji wa Neno:
Namheshimu mtumishi, ila tusiwazoeze watu mashaka. Katika sura hiyo hiyo Bwana anasema namna ile haitoki isipokuwa kwa kuomba. Dada afunge, na atafute watu wa kuomba pamoja naye.

Mwinjilisti Mstaafu:
Kuhusu watu wa kuomba pamoja naye, nakubali kabisa. Lakini Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba wake na haukuondolewa, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Nani kati yetu atasema Paulo alipungukiwa imani? Mke anayeuguza asibebeshwe na kosa la ugonjwa.

Muuguzi wa Usiku:
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki hapo husema "Utakalo lifanyike", na wodini nimeona wengi wakikwama papo hapo. Mama, pale Gethsemane Bwana mwenyewe alitangulia kusema "uniondolee kikombe hiki", ndipo akafika kwenye "utakavyo wewe", naye alirudi kuomba maneno yale yale. Kama usiku wa leo una nguvu ya nusu ya kwanza tu, iombe hiyo. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa aliyefariki kwa kifua kikuu huko Lisieux, Ufaransa, mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aliishi tangu Pasaka ya 1896 katika giza lililomfunika hata mbingu alizozitumaini, na hakuacha kusali. Tena ipo Zaburi ya 88, ambayo Kanisa huisali Ijumaa kabla ya kulala: inaanza kwa kumlilia Mungu na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni.

Mama wa Watatu:
Asanteni sana. Jana usiku nilimsomea mume wangu hiyo Zaburi ya 88, akaniomba niirudie. Kisha tukaanza Sala ya Bwana pamoja, na nilipofika pale nikakwama kama kawaida. Akanishika mkono, akaimalizia yeye.