Redio yetu ya zilipendwa Mbeya imeuzwa kimyakimya. Mwenye mali ana haki hiyo?

Msikilizaji wa Kabwe
Wadau, Ijumaa jioni redio yetu ndogo ya zilipendwa ilisoma matangazo ya misiba kama kawaida, ikapiga rumba mpaka usiku wa manane. Jumatatu alfajiri masafa yaleyale yana jina jipya, nyimbo mpya, watangazaji wako Dar, na hakuna aliyewaaga wasikilizaji. Ndipo tukaambiwa imeuzwa. Hoja yangu: masafa ni mali ya umma, mwenye kampuni amepewa ayatumie tu. Je, ni haki kukiuza kituo wanachokitegemea watu wa mji mzima bila hata wiki moja ya taarifa?

Mwana Uyole
Kampuni yake, mtaji wake, hasara yake. Mlikuwa mnamchangia bili ya umeme? Na tusidanganyane, redio yenyewe ilikuwa haisikiki hata Uyole. Mnalilia kitu kilichokufa zamani.

Fundi Mitambo
Mwana Uyole, la mtaji nakuachia. La kutosikika Uyole siliachi, maana limerudiwa mji mzima mpaka limegeuka sababu ya kuuza.

Transmita ile, yaani mtambo wa kurushia, ni ya wati 500. Antena ni dipoli nne, yaani fito za kurushia mawimbi, zilizopangwa wima kwenye mlingoti wa mita 40 mjini, si juu ya mlima Loleza vituo vikubwa vilikofunga mitambo yao. Dipoli nne zinazidisha nguvu karibu mara nne kuelekea upeo wa macho. Toa inayopotea kwenye kebo, bado zinatoka kama wati 1,500. Kutoka mjini mpaka Uyole ni kilomita kumi hivi. Kwa umbali huo hata wati 100 zinatosha kama antena yako na ya kituo zinaonana.

Kilichokuwa kinaua ni maji. Mvua za Novemba zikianza, yanapenya kwenye konekta, kiungio cha kebo, pale juu, chini ya antena. Nguvu badala ya kutoka inarudi. Uwiano wa wimbi, yaani kipimo cha nguvu inayorudi, ukifika 2 kwa 1, asilimia 11 inarudi kwenye transmita. Ukifika 3 kwa 1, ni robo nzima. Transmita inajilinda isiungue, inajishusha yenyewe kutoka 500 mpaka chini ya 100. Jua likiwaka konekta inakauka, redio inarudi, mwenye kituo anasema tatizo limeisha. Haliishi. Dawa yake ni kupanda siku kavu, kukata kile kipande cha kebo kilichoota kutu ya kijani mpaka ukute shaba inayong'aa, kufunga konekta mpya, kisha kuzungushia utepe wa mpira unaojishika ukianzia chini kwenda juu. Ukianzia chini mikunjo inalaliana kama mabati ya nyumba na maji yanateremka nje. Ukianzia juu umeyatengenezea mlango. Kebo nayo iachie mkunjo unaoning'inia kabla haijaingia ndani, maji yadondokee pale. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye mkanda wa kupandia.

Mwana Uyole
Maelezo marefu mkuu, lakini simu za watu Uyole zilikuwa zinakoroma na redio za Dar zinaingia safi kiangazi na masika. Eleza na hilo.

Fundi Mitambo
Naeleza. Simu inatumia waya wa hedifoni kama antena. Robo ya wimbi kwenye FM ni sentimita 75 hivi, na waya wenyewe ukiwa umenyooka unatosha. Ukiukunja mfukoni huna antena. Na dipoli za kituo kile zilisimama wima, kwa hiyo hata redio ya mezani unavuta antena yote na kuisimamisha, huilazi.

Redio za Dar zinaingia safi kwa sababu zimefunga mlimani. Kwenye FM kimo kinaishinda nguvu. Ukitoa transmita ya wati 500 ukaweka ya 1,000 umeongeza desibeli 3 tu, msikilizaji wa pembezoni hataona tofauti ya maana. Pandisha antena juu ya vizuizi uone. Lakini ndugu zangu wa Tukuyu na Kyela wasidanganywe: kati yao na Mbeya kuna safu ya Uporoto na Mlima Rungwe wa mita zaidi ya 2,900. Bila mtambo wa kurudisha matangazo upande ule hakuna wati zitakazopita.

Mwana Uyole
Kwa hiyo umekubali: kituo kilikuwa kibovu na mwenyewe alishindwa kukitunza. Aliyenunua anao uwezo wa kupanda Loleza. Mimi sioni kosa la muuzaji.

Fundi Mitambo
Usinilishe maneno. Nimesema konekta ilikuwa mbovu. Konekta na kituo ni vitu viwili, na bei zake haziingii kwenye kikapu kimoja.

Binti Mwanjelwa
Kaka zangu, mnagombania konekta na watu wametolewa kazini! Watangazaji na mafundi wa zamu walifika Jumatatu wakakuta kufuli limebadilishwa. Nani anawasemea hao?

Sheria Mkononi
Dada, hilo lina njia yake, na inategemea kilichouzwa. Leseni ya utangazaji haiuzwi kama kiwanja. Kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, kuihamisha kwenda kwa mtu mwingine kunahitaji ridhaa ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa maandishi. Ndiyo maana wengi wanauza hisa: kampuni inabaki ileile, leseni inabaki kwa jina lilelile, wanabadilika wanahisa tu kule BRELA, kwenye usajili wa kampuni. Hata hapo TCRA haikwepeki.

Sasa kwa wafanyakazi: kama zimeuzwa hisa, mwajiri wao ni yuleyule. Mikataba haijafa kwa sababu bosi amebadilika. Akitaka kuwapunguza, Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 38 inamtaka awape taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao jinsi ya kuwachagua wa kuondoka. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisizidi miaka 10. Kufuli si notisi. Waende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wasikae: malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa ndani ya siku 30.

Msikilizaji wa Kabwe
Ahsante mwanasheria. Na sisi wasikilizaji je?

Sheria Mkononi
Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Andikeni kwa pamoja, si kila mtu na lake. Msiandike "tunataka nyimbo zetu", hilo watalisoma na kulifunga. Andikeni kwamba kituo kilikuwa na leseni ya kuhudumia eneo hili, na sasa matangazo ya misiba, bei za mazao na habari za mji hayapo. Mchanganuo wa vipindi vya zamani na vya sasa, saa kwa saa, uwe umeambatanishwa.

Mwana Uyole
Matangazo ya misiba sasa yapo kwenye makundi ya WhatsApp. Na zilipendwa zote ziko mtandaoni, pakueni msikilize. Hakuna kilichopotea.

Mzee wa Santuri
Kijana, hilo la mwisho ulilolisema limeniuma kuliko yote.

Kwanza misiba. WhatsApp inafika kwa mwenye simu ya kupangusa na bando. Tangazo la redio linasomwa na jina la marehemu, ukoo, saa ya mazishi, kisha majina ya ndugu mmoja mmoja na mahali walipo. Yule mjomba aliyeko shambani na redio ya betri mbili anajisikia akitajwa anaweka jembe chini.

Pili nyimbo. Bendi zetu nyingi hazikuwa na studio. Zilisafiri mpaka Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, na kilichofika mikoani ni santuri chache na nakala za kanda. Kinachoitwa "zote ziko mtandaoni" ni nakala ya nakala ya kaseti, spidi imepanda au imeshuka, gitaa la pili halisikiki, na jina la bendi limekosewa. Kituo kile kilikuwa na mikanda ya rili (utepe uliozungushwa kwenye gurudumu) na kaseti za vipindi vyake chenyewe, mahojiano na wanamuziki ambao wengi wametangulia. Hizo hazipo popote pengine.

Kihesa Juu
Kamweneeee. Naona wanyalukolo, ndugu zangu wa Mbeya, mnajimilikisha zilipendwa za nyanda za juu. Tancut Almasi ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, Iringa mjini. Miaka ya 80 mkitaka dansi la maana mlipanda basi kuja kwetu.

Mwana Uyole
Na bado walikwenda kurekodi Dar. Iringa ilichangia baridi.

Kihesa Juu
Kurekodi Dar hakuifanyi bendi ya Dar. Walifanyia mazoezi wapi? Walilipwa na kiwanda cha wapi? Mahindi ya Ismani yakisagwa Ubungo yanakuwa ya Ubungo?

Binti Mwanjelwa
Turudi kwenye mikanda jamani. Aliyenunua kampuni si amenunua na hiyo mikanda?

Sheria Mkononi
Amenunua mikanda kama kitu, hajanunua nyimbo zilizomo. Hakimiliki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, inabaki kwa warithi. Vipindi vilivyotengenezwa na kituo ni vya kampuni, na kampuni ni yake sasa. Kwa hiyo mnaweza kuomba, hamwezi kuchukua.

Fundi Mitambo
Basi iombwe haraka. Mnunuzi anatangazia Dar, chumba kile hana kazi nacho, na rili zisizo na mashine ya kuzichezea zinaonekana takataka.

Mzee wa Santuri
Mkipewa, msikimbilie kuzicheza. Nuseni kwanza. Ukisikia harufu kali ya siki, utepe huo ni wa zamani wa asetati na umeanza kuoza: utenge na wenzake, na usiupashe moto kabisa. Ukicheza utepe wa miaka ya 70 au 80 ukalia kwiii na kuacha uji wa kahawia kwenye hedi, kichwa kinachosoma utepe, simamisha palepale, gundi yake imenyonya unyevu. Huo ndio unaopashwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa nane au zaidi kwenye kikaushio chenye kipimo, si jiko la mkaa wala oveni ya kukisia.

Utepe mzuri unachezwa hivi: safisha hedi na njia yote ya utepe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba, kila baada ya rili moja. Rili ya inchi 7 yenye futi 1,200, kwa spidi ya inchi 7.5 kwa sekunde, inatoa dakika 32. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, faili la WAV, si MP3. Saa moja ya stirio inakula kama GB 2, kwa hiyo diski moja ya TB 2 inabeba saa karibu elfu. Nakala tatu, moja ikae nje ya Mbeya.

Kihesa Juu
Hiyo moja leteni Iringa. Ukame wa kwetu haukuzi ukungu.

Mwana Uyole
Na mashine ya rili mtaipata wapi? Hakuna anayeuza.

Mzee wa Santuri
Inayoharibika sana ni mikanda ya mpira na roli ya kubana, hedi zinadumu. Ikipatikana iliyosimama miaka, usiiwashe kwa umeme kamili siku ya kwanza, kapasita zake zitapasuka. Fundi Mitambo anajua.

Fundi Mitambo
Najua. Mashine niachieni.

Binti Mwanjelwa
Studio inahamishwa mwisho wa mwezi. Nani anakwenda kuonana na mwenye kituo mpya?

Mzee wa Santuri
Mimi na mwanasheria, Alhamisi. Anatakiwa mtu mwenye gari lililofunikwa, pikapu ya wazi sitaki, mvua imekaribia. Rili zisimame wima ndani ya maboksi, zisilazwe moja juu ya nyingine, na spika ya muziki itolewe kabisa kwenye gari hilo. Sumaku yake inaweza kufuta mikanda iliyo karibu nayo.

Mwana Uyole
Gari ninalo. Noah, haina spika nyuma. Saa ngapi Alhamisi?