Naomba ushauri: nataka kusomea maumbo ya protini za virusi

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, nimemaliza shahada ya baiokemia. Kinachonivuta ni protiesi, kimeng'enya cha VVU: umbo lake lilipofichuliwa mwaka 1989, wanasayansi waliweza kuunda dawa za kuziba pale pale kinapokatia protini. Huku kwetu VVU si habari ya vitabuni tu. Usiku napakua maumbo hayo bure kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, nayazungusha kwenye laptopu hadi macho yaume. Mjomba anataka nikubali kazi ya kuuza dawa, mshahara upo. Nahofia nikiingia huko sitatoka. Je, nianze uzamili hapa nchini, nikichunguza maumbo hayo kwa kompyuta, au nisubiri ufadhili wa Uingereza? Aliyepita njia hii anisaidie, hasa jinsi ya kumpata msimamizi.