Tupeane uzoefu: mlioitazama filamu ya Kitamili Kalathur Kannamma, ni wapi palipowashika?

Binti wa Ruwi: Jana usiku majirani zetu Watamili hapa Muscat walikuwa wakiitazama Kalathur Kannamma ya mwaka 1960, na wimbo wa "Ammavum Neeye" ulipovuka ukuta nikaacha sufuria jikoni. Kamal Haasan alikuwa na miaka 5 tu alipoigiza kama Selvam, yatima anayemwambia Mungu kwamba yeye ndiye mama na ndiye baba. Sauti ni ya M. S. Rajeswari, lakini ukimtazama mtoto yule utaapa kuwa anaimba mwenyewe. Naomba kila mmoja aeleze palipomshika.

Mzee wa Ng'ambo: Mimi niliijua kwa Kihindi, Main Chup Rahungi ya mwaka 1962, ambayo pia iliongozwa na A. Bhimsingh. Meena Kumari, aliyeigiza mama humo, alinishika kuliko Savitri, Kannamma wa ile ya Kitamili.

Kijukuu: Naafiki.

Binti wa Ruwi: Shikamoo Mzee, lakini hapo sikubali. Roho ya filamu ni mtoto, na Kamal ndiye aliyetunukiwa Medali ya Dhahabu ya Rais wa India.

Mama Nusura: Hayo ya Savitri na Meena Kumari nawaachia ninyi. Baba yake Kannamma anamwambia binti yake kuwa kichanga kimekufa, kumbe amekipeleka kwenye kituo cha yatima, kwa kuwa ndoa ile ilifungwa kwa siri na mtoto wa mwenye ardhi. Mimi niliishi upande wa pili wa uongo kama huo. Nililelewa na bibi Pangani nikiambiwa kuwa mama alifariki wakati wa kunizaa, na kila Idi alikuja mwanamke niliyefundishwa kumwita mama mdogo, akanipima gauni kwa viganja vyake, kuanzia begani hadi gotini, kisha akarudia kunipima kana kwamba amesahau hesabu. Bibi alipofariki ndipo nilipoambiwa kuwa yule ndiye mama yangu. Kwa hiyo Kannamma alipokuwa akimfundisha Selvam darasani bila kujua kuwa ni mwanawe, nilizima televisheni, na mpaka leo sijaimaliza.

Kijukuu: Pole sana, dada.

Mzee wa Ng'ambo: Pole, mwanangu. Usimhukumu bibi yako, kwani zamani aibu ya nyumba ilikuwa mzigo mzito.

Binti wa Ruwi: Mzee, uniwie radhi, mzigo huo alibebeshwa mtoto! Hata kwenye filamu sijapata kumsamehe baba yule.

Fundi Redio: Dada, tazama filamu ya Anjali ya mwongozaji Mani Ratnam ya mwaka 1990. Humo baba ndiye anayemficha mkewe kuwa mtoto wao mgonjwa yu hai, na Baby Shamili anaigiza kwa macho zaidi kuliko maneno. Itazame na mama yako.

Kijukuu: Hapana, asiitazame! Mwisho wake ni msiba, ilhali Selvam anawapata wazazi wake. Amalize kwanza hii.

Fundi Redio: Basi aweke leso mbili karibu, aanze na yoyote.

Mama Nusura: Mama yu hai, na Kihindi anakisikia vizuri kwa kuzoea sinema. Ijumaa nitamwekea Main Chup Rahungi, na safari hii sitazima.

Mzee wa Ng'ambo: Umechagua vyema. Meena Kumari nilimtaja tangu mwanzo.