Nimemwandikia mteja wa Zambia kwamba dagaa ziko "destroyed", sasa anataka hela yake. Nisaidieni Kiingereza

Karani_wa_Shangazi (Kigoma)
Habari za saa hizi wakuu. Shangazi yangu anauza dagaa hapa Kibirizi, na mimi kwa kuwa nilimaliza form four ndiye nimepewa cheo cha kuandika Kiingereza. Mshahara ni chai na chapati, na sasa hata hizo chapati ziko hatarini.

Juzi tulikuwa na magunia 30 yanangoja boti ya Mpulungu, bandari ya Zambia. Usiku mvua ikashuka, turubai likafunuka upande mmoja, magunia 4 yakalowa. Hayo mengine 26 ni makavu kabisa, ukitia mkono dagaa zinachakacha. Asubuhi nikamtumia mteja WhatsApp: "Good morning sir. Your dagaa are destroyed by rain." Niliona "spoiled" ni ya maziwa, "destroyed" ina uzito, atajua na sisi tumeumia.

Akajibu anataka malipo ya awali yarudi yote. Nikaogopa, nikaongeza: "No sir, only damages of 4 bags." Hapo ndipo nilipomwaga mchele kabisa. Kaniuliza nani anamdai mwenzake, na shilingi ngapi. Shangazi hajui Kiingereza ila sura yangu anaisoma vizuri sana.

"Spoil", "damage", "destroy", "ruin", "break", zote si kuharibu? Niandike ipi? Boti inaondoka kesho.

Bodaboda_wa_Mwandiga
Andika "dagaa are finished" halafu uone namba yako inavyopigwa blok. 😂

Mtu_wa_Town
Weka "spoiled" umalize. Sisi kila siku tunasema "my phone is spoiled" na tunaelewana.

Mwalimu_Mstaafu (Tabora)
Mwanangu, usimsikilize huyo wa simu. Kosa lako halikuanzia kwenye Kiingereza, limeanzia kwenye neno letu "haribika". Sisi tuna kapu moja: gari limeharibika, maziwa yameharibika, sherehe imeharibika, kijana wa jirani kaharibika. Anayesikia ndiye anajua mwenyewe kilichomo. Mwingereza hana kapu hilo. Anataka umwambie kitu kimeharibikaje, na kimebaki nini.

"Destroy" ni kuteketeza. Nyumba imeungua, umebaki majivu na mabati yaliyopinda. Ulipoandika "destroyed", mteja alisoma kwamba hakuna hata gunia moja la kupakia. Kwa nini asidai hela yake?

"Damage" ni kitu kimepata jeraha lakini bado kipo, na mara nyingi kinatengenezeka. Hapo ungekuwa karibu, ila ukaiongezea s. Kwa maana ya uharibifu neno hilo halina wingi. Mvua ibomoe ukuta, iezue paa, izoe na choo, bado ni "a lot of damage". Ukisema "damages" umeshaingia mahakamani: hizo ni fedha za fidia ambazo hakimu anaamuru mtu alipwe. Mteja wako amesoma fidia ya magunia 4. Hakukosea kuuliza nani anamdai nani, na mimi ningeuliza.

"Ruin" ni pale kitu kinaonekana kipo lakini kilichokipa thamani hakipo tena. Umezidisha chumvi kwenye mboga: sufuria imejaa, ila hakuna anayekula. "Spoil" ni ya chakula kinachochacha au kuvunda kwa joto na kukaa, na pia ya raha, kama mvua iliyokatisha harusi. Simu ni "broken", hata kama kioo hakina ufa, mradi haifanyi kazi. Ndiyo, Afrika Mashariki tunasema "spoiled" na tunaelewana. Kwenye mtihani nilikuwa nakata alama.

Fundi_wa_Mashine
Mwalimu shikamoo. Na mashine ya boti ikizima katikati ya ziwa?

Mwalimu_Mstaafu (Tabora)
Marahaba. Hiyo ni "broke down". Usiseme "the engine broke" kama hakuna chuma kilichokatika. Na abiria akijigonga kichwa wakati huo usiseme yuko "damaged", mtu ni "hurt" au "injured". Ila kiungo chake unaweza: pombe ina-"damage" ini.

Mjukuu_wa_Ujiji
Hapo kwenye "destroy" tuna mfano wetu wa nyumbani. Meli ya Liemba, ya hapa Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kuunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Enzi hizo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakapaka mashine grisi nzito, wakitumaini watairudia. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sasa ukiandika Wajerumani "destroyed" ile meli, babu zangu walipanda nini?

Mwalimu_Mstaafu (Tabora)
Safi sana. Kuzamisha chombo chako mwenyewe makusudi kuna kitenzi chake kabisa, "scuttle". Na ile grisi ilikuwa ya kuzuia "damage".

Nesi_Kasulu
Naomba niongeze la kwetu wodini. Mimba ikiharibika msiandike "the pregnancy was spoiled". Andika "she had a miscarriage". Nimeiona kwenye barua ya kuomba ruhusa ya kazi, nikaona haya kwa niaba ya mwandishi.

Bodaboda_wa_Mwandiga
Mimi kuna mzungu aliniambia mwanangu ni "spoiled", nikavua saa nimkabili. Kumbe alikuwa anasema namdekeza.

Mtu_wa_Town
Si anadeka kweli? Kila siku yuko juu ya tenki la pikipiki.

Karani_wa_Shangazi (Kigoma)
Jamani mtanifukuzisha, boti ni kesho. Mwalimu, niandike nini?

Mwalimu_Mstaafu (Tabora)
Nijibu kwanza. Hayo magunia 4 yameota ukungu? Yananuka?

Karani_wa_Shangazi (Kigoma)
Hapana. Tuliyamwaga asubuhi ileile, tukazianika upya kwenye chanja. Jana jua lilikuwa kali, jioni tukazianua zimekauka. Rangi tu ndiyo imefifia kidogo.

Mwalimu_Mstaafu (Tabora)
Sasa "haribu" inatoka wapi? Hakuna kilichoharibika hapo. Zimelowa, zikakauka. Usitafute kitenzi kikubwa. Andika: "Sorry for my first message. Only 4 bags got wet. We have dried them again, but the colour is a little pale. The other 26 bags are dry and ready." Basi. Usiandike "were wetted by the rain", hakuna anayesema hivyo.

Mjukuu_wa_Ujiji
Na badala ya "dagaa" weka "kapenta", ndivyo wanavyoziita kule Zambia.

Bodaboda_wa_Mwandiga
Hayo 4 mpunguzie bei kabla hajaomba yeye. Kiingereza hicho kinaeleweka kila mahali.

Karani_wa_Shangazi (Kigoma)
Nimetuma kama mwalimu alivyoandika, na kapenta nimeweka. Bei ya yale 4 nimemuuliza shangazi, kakubali kushusha kidogo. Mteja kajibu baada ya dakika kumi: nimtumie picha za magunia yote, yale 4 yakae peke yake. Hela hajaitaja tena. Nakimbia kupiga picha kabla jua halijazama.

Shangazi kaniuliza safari hii nimeandika nini. Nikamwambia, nimeandika zimelowa. Akanitazama. "Sasa si ndivyo nilivyokwambia juzi?"