Mafurungu na mkufu wa fedha kutoka Pemba: nitajuaje vilifuliwa wapi?

Mjukuu wa Wete
Assalaam alaykum. Nimerithi kwa marehemu bibi yangu wa Pemba jozi ya mafurungu (mapambo ya miguuni) mazito ya fedha na mkufu wenye reale tatu za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha za Austria, zote zikiwa na mwaka 1780. Havina muhuri wala maandishi ya fundi. Muuza vitu vya kale mmoja ameniambia kuwa mkufu ni wa karne ya 18, kwa ushahidi wa mwaka huo, na kuwa vyote ni kazi ya Oman, ilhali jamaa zangu wanashikilia kuwa vilifuliwa Lamu. Sikusudii kuviuza, nataka njia ya kuaminika ya kufuatilia asili yake.

Sonara mstaafu
Wa alaykum salaam. Mwaka huo uuweke kando kwanza. Ndio aliofariki Maria Theresa, malkia mwenyewe, na baada yake reale ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, Vienna na baadaye, katika karne ya 20, hata Roma, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Bara Arabu na pwani yetu waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Sarafu zako zinathibitisha tu kuwa mkufu haukutengenezwa kabla ya 1780. Unaweza kuwa wa 1850, na unaweza kuwa wa 1940.

Kuhusu fedha yenyewe, masonara walikuwa wakiyeyusha sarafu, na kila sarafu ina kiwango chake: reale ina sehemu 833 za fedha katika 1000, rupia 917, na shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 robo tu. Kipimo cha eksirei husoma kiwango hicho bila kukwaruza pambo. Hata hivyo kitakueleza malighafi, si karakana, maana rupia ilizunguka Bombay, Muskat na Unguja, na mapambo yaliyochakaa nayo yaliyeyushwa upya pamoja na sarafu.

Mpenda mambo ya kale
Naafiki, ila ningeuliza pia hiyo "kazi ya Oman" ina maana gani. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, Mji Mkongwe ulivuta mafundi wa Kihindi, wakiwemo wa Kachchh, magharibi mwa India, waliowafulia wateja wa Kiarabu na Waswahili mitindo waliyoiagiza. Kwa hiyo pambo lenye sura ya Nizwa, mji wa Oman, laweza kuwa limefuliwa na Mhindi wa Unguja na kuvaliwa Wete. Wauzaji hulipenda jina la Oman kwa sababu lina bei, nami silihesabu kuwa ushahidi.

Linganisha vyako na vile ambavyo kumbukumbu zake zinajulikana, kwa mfano katika Makumbusho ya Lamu, au katika hazina ya British Museum iliyo mtandaoni, ambako mara nyingi huandikwa pambo lilipatikana wapi na mwaka gani. Tazama bawaba, pini na hasa upande wa ndani, kwa kuwa huko fundi hakujipamba kwa ajili ya macho ya watu. Tafadhali usivisugue kwa dawa.

Bi Mkubwa wa Chake
Mwanangu, waulize pia wazee wa kike wa ukoo, tena si "vilitoka wapi", bali nani aliwavisha maharusi, nani alileta fedha kwa sonara, na sonara huyo alikuwa na duka mtaa gani. Tafuta picha za arusi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, kwa mfano, ilifunguliwa 1930, na picha yenye mhuri wa studio nyuma huweza kukupa tarehe ya uhakika zaidi kuliko pambo lenyewe. Nyaraka za mirathi za Pemba za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ziliorodhesha mali za marehemu.

Mjukuu wa Wete
Ahsanteni sana. Nimetazama ndani ya furungu moja: kwenye bawaba kuna kiungo cha kijivu, laini, kisichofanana na fedha. Je, ni dalili ya uzee?

Sonara mstaafu
Hapana, hiyo ni lehemu ya risasi au bati, yaani furungu lilivunjika na kutengenezwa na mtu asiye sonara, pengine miaka mingi baadaye. Ukilipeleka kwa fundi, mwonyeshe kiungo hicho kabla hajawasha moto, kwa sababu risasi ikipashwa joto la kulehemu fedha huila fedha na kutoboa ukuta wa furungu.